Namna mfumo wa ombwe unavyofanya kazi katika injini ya gari, na jinsi ya kuukagua

Mtu anayefungua boneti ya gari la petroli huona, katikati ya mabomba ya maji na nyaya za umeme, mipira myeusi inayochomoza kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, yaani bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda, na kutawanyika kila upande. Mmoja mnene huenda hadi kwenye busta ya breki, kopo linalouongezea nguvu mguu wa dereva, mingine myembamba hupotea nyuma ya dashibodi, na mingine huishia kwenye vikopo vidogo vyenye fimbo. Yote hiyo ni mipira ya ombwe, au vakyumu kama mafundi wengi wanavyosema. Mwongozo huu unaeleza ombwe hilo linatoka wapi, linafanya kazi gani, na namna ya kulipima hatua kwa hatua kabla ya kununua kipuri chochote.

Ombwe halivuti

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba ombwe lenyewe halina nguvu ya kuvuta. Hewa inayotuzunguka ina uzito, na kwenye usawa wa bahari hukandamiza kila kitu kwa shinikizo la takriban kilopaskali 101, ambalo linaweza kuinua safu ya zebaki yenye urefu wa milimita 760. Hatulihisi kwa sababu linatusukuma kutoka pande zote kwa pamoja. Ukipunguza hewa upande mmoja wa utando wa mpira na kuiacha upande wa pili, hewa ile iliyoachwa ndiyo inayousukuma utando. Fundi anayesema kwamba busta inavuta anaeleweka vizuri, lakini yule anayekumbuka kuwa hewa ya nje ndiyo inayosukuma hutambua upesi kwa nini ufa mdogo kama unywele unaweza kuvuruga injini nzima: hewa ya nje iko pale muda wote, inangojea upenyo tu.

Katika injini ya petroli, ombwe hupatikana bure, kwa maana kwamba hakuna kifaa cha pekee kilichotengenezwa ili kulizalisha. Pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingizia hewa ikiwa wazi, nafasi ndani ya silinda hupanuka na hewa hukimbilia kuijaza. Njiani hewa hiyo hukutana na kilango cha duara, kile kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta na ambacho mafundi hukiita throto. Dereva akiondoa mguu, kilango karibu kinafunga. Pistoni zinaendelea kudai hewa ambayo haifiki ya kutosha, na shinikizo ndani ya manifoldi linashuka chini sana ya lile la nje. Tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo ombwe letu.

Kutokana na hayo, ombwe hubadilika kinyume cha kazi ambayo injini inafanya. Injini nzima inayozunguka polepole bila mzigo, hali ambayo baadhi ya mafundi huiita silensa, hutoa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, yaani kama kilopaskali 57 hadi 71 chini ya shinikizo la nje. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, kilango kinafunguka chote na ombwe linakaribia sifuri. Akiachia mafuta ghafla wakati gari liko mwendoni, linaweza kupanda hadi inchi 22 au 25. Magari ya zamani yaliyokuwa na waipa zinazoendeshwa kwa ombwe yaliwafundisha madereva somo hili kwa njia ya kuudhi: waipa zilipunguza mwendo au kusimama kabisa wakati gari linapanda mlima kwenye mvua, yaani pale pale zilipohitajika zaidi.

Mahali gari lilipo nako kuna uzito wake. Kila unapopanda takriban mita 300 kutoka usawa wa bahari, kipimo hupungua kwa karibu inchi moja, kwa kuwa hewa ya nje yenyewe ni nyepesi zaidi. Anayepima kwenye nyanda za juu za mita 1,500 na kupata inchi 14 hana sababu ya kuilaumu injini.

Injini zisizo na ombwe lake zenyewe

Injini ya dizeli haidhibiti nguvu zake kwa kuibana hewa. Hudhibiti kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Hata pale ambapo dizeli za kisasa zina kilango kwenye njia ya hewa, kwa kawaida kiko pale kwa ajili ya kusaidia kurudisha moshi au kuzima injini kwa ulaini, na manifoldi haiwezi kutegemewa kuipa busta ombwe la kutosha. Ndiyo maana dizeli hufungwa pampu ya ombwe. Mara nyingi ni pampu ya mapanga, yaani ngoma yenye vipande bapa vinavyoteleza ndani ya chumba kisicho katikati, ikizungushwa na kamshafti na kulainishwa na oili ya injini. Katika dizeli nyingi za miaka iliyopita, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta na kuzungushwa na mkanda wake. Mwenye gari la namna hiyo anapaswa kujua kwamba mkanda ukikatika anapoteza mambo mawili kwa wakati mmoja: chaji ya betri na msaada wa breki.

Injini za petroli zenye tabo zina shida ya aina nyingine. Tabo inaposukuma hewa, manifoldi hujaa shinikizo badala ya ombwe, na bila valvu ya kuzuia, shinikizo hilo lingeingia hadi kwenye busta. Nyingi kati yake, pamoja na injini zinazodhibiti hewa kwa kubadilisha ufungukaji wa valvu badala ya kilango, huongezewa pampu ya kuzungushwa na injini au ya umeme. Magari ya haiburidi na ya umeme, ambayo injini yake huzimika mara kwa mara au haipo kabisa, hutumia pampu ya umeme au huachana na ombwe na kutumia busta inayosukumwa kwa mota.

Njia ambayo ombwe hupita

Kutoka kwenye chanzo, ombwe husafiri kupitia mipira na mabomba ya plastiki hadi kwa watumiaji, yaani vifaa vinavyolitumia, na njiani hukutana na vifaa ambavyo ni rahisi kuvipuuza. Cha maana zaidi ni valvu ya upande mmoja, ambayo mara nyingi imo ndani ya mpira wa busta au pale unapochomekwa kwenye busta. Huruhusu hewa kutoka kwenye busta kuelekea kwenye injini na kuizuia kurudi, hivyo busta hubaki na akiba yake hata kilango kikiwa wazi au injini ikizimika. Baadhi ya magari huwa na tangi dogo la akiba, kopo la plastiki au bati lililofichwa ndani ya bodi, kwa ajili ya vifaa ambavyo havipaswi kulegea kila dereva anapokanyaga mafuta.

Halafu kuna solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme ambazo kompyuta ya injini huzifungua na kuzifunga ili kupeleka ombwe mahali linapotakiwa na kwa kiasi kinachotakiwa. Kuna pia vizibo vyenye tundu dogo sana vya kupunguza kasi ya hewa, na valvu za kuchelewesha ambazo mara nyingi zina rangi tofauti kila upande. Ukigeuza valvu hiyo, kifaa kitafanya kazi kwa wakati usio wake, na kosa hilo ni gumu kuligundua kwa sababu hakuna mpira uliopasuka wala sauti inayosikika.

Watumiaji wenyewe ni wengi. Kuna valvu inayotoa mvuke wa oili kwenye kasha la krenkshafti na kuurudisha kwenye manifoldi ili uungue, valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye silinda, njia ya kuvuta mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa, kirekebishi cha presha ya mafuta katika injini nyingi zinazopuliza petroli kwa sindano, vilango vya kiyoyozi nyuma ya dashibodi, na katika baadhi ya magari yanayovuta kwa magurudumu manne, kifaa cha kuunganisha ekseli ya mbele. Kwenye dizeli nyingi zenye tabo ya mapanga yanayogeuka, ombwe ndilo linaloyageuza mapanga hayo, na mpira mmoja uliotoboka unatosha kulifanya gari likose nguvu kana kwamba tabo imekufa. Nadhani tabo nyingi nzima hulaumiwa kwa kosa la mpira ambao mtu angeweza kuubadilisha kwa mikono yake.

Busta ya breki inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndiyo inayogusa usalama. Ni kopo kubwa la bati lililogawanywa na utando. Mguu ukiwa mbali na kanyagio, vyumba vyote viwili vina ombwe sawa, na utando umetulia. Dereva anapokanyaga, valvu iliyo kwenye fimbo ya kanyagio hutenganisha vyumba hivyo, kisha huruhusu hewa ya kawaida kuingia kwenye chumba cha upande wa dereva. Hewa hiyo inausukuma utando mbele pamoja na fimbo inayobana silinda kuu ya breki. Chukua utando wenye kipenyo cha sentimita 25: eneo lake ni karibu sentimita za mraba 490. Tofauti ya kilopaskali 60 huzaa juu yake nguvu ya takriban niutoni 2,900, sawa na uzito wa kilo 300 hivi. Ombwe likipungua kwa nusu, msaada huo wa juu kabisa nao hupungua kwa nusu, na dereva atahisi kanyagio limekuwa gumu kama jiwe ingawa maji ya breki, pedi na silinda havina kasoro yoyote.

Kuanza ukaguzi

Egesha gari mahali tambarare penye hewa ya kutosha, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, na hakikisha mikono, nguo na mipira ya geji iko mbali na feni na mikanda. Iache injini ifikie joto lake la kawaida. Kabla ya kuchomoa kitu chochote, piga picha ya mipira yote jinsi ilivyopita. Katika magari mengi kuna pia mchoro wa njia za ombwe uliobandikwa chini ya boneti, na mchoro huo una thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Anza na busta, kwa sababu haihitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi kanyagio liwe gumu, kisha likanyage kwa nguvu ya wastani na uwashe injini bila kuondoa mguu. Kanyagio linapaswa kushuka kidogo chini ya mguu. Lisiposhuka, ama ombwe halifiki, ama busta yenyewe imeharibika. Baada ya hapo kanyaga breki injini ikiwa inazunguka, izime ukiwa umekanyaga, na ushikilie kwa sekunde 30; kanyagio likianza kukusukuma juu, kuna mahali panapovuja. Mwisho, washa injini dakika moja au mbili, izime, subiri dakika chache, kisha kanyaga mara kadhaa. Mkanyago wa kwanza unapaswa kuwa laini na mrefu kuliko wa pili, na wa pili kuliko wa tatu. Ikiwa wa kwanza tayari ni mgumu, akiba imetoroka, na mtuhumiwa wa kwanza ni valvu ya upande mmoja. Ichomoe na uipulizie kwa mdomo pande zote mbili: hewa ipite upande mmoja tu.

Sasa unganisha geji ya ombwe kwenye tundu la manifoldi yenyewe, baada ya kilango cha hewa. Tundu lililo kabla ya kilango au usawa wake halitoi kitu injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, na watu wengi wamedanganywa na kipimo kilichochukuliwa hapo. Mshale ukisimama imara kati ya 17 na 21, baada ya kuzingatia mwinuko wa mahali, chanzo ni kizima. Mshale ulio imara lakini chini, tuseme kwenye 12 au 14, huashiria hewa inayoingia kinyemela, taimingi ya moto iliyochelewa, au mkanda wa taimingi uliofungwa vibaya. Mshale unaoshuka na kurudi kwa vipindi sawa huonyesha silinda moja yenye kasoro, mara nyingi valvu iliyoungua. Ukiupandisha mzunguko hadi kama 2,500 kwa dakika na kuushikilia, kisha mshale ukazidi kushuka polepole, kagua ekzosti, kwa kuwa moshi usiopata njia ya kutoka huzuia hewa mpya kuingia.

Kwa dizeli, geji huunganishwa kwenye mpira unaotoka kwenye pampu. Pampu nzima hufikisha inchi 25 au zaidi, karibu na usawa wa bahari, muda mfupi baada ya injini kuwaka. Ikishindwa, angalia kwanza kama oili inaifikia na kama mkanda umekaza.

Kuutafuta mvujo

Chanzo kikiwa na kasoro inayofanana na mvujo, tenganisha watumiaji mmoja mmoja. Bana mpira wa kila mmoja kwa plasi yenye midomo laini, au uchomoe na kuziba tundu lake, huku ukitazama geji. Mshale ukipanda na injini ikatulia pale unapobana mpira fulani, mvujo uko mbele ya plasi yako, upande wa kifaa kinachotumia mpira huo. Usipopanda hata baada ya kuwatenga wote, shuku gasketi ya manifoldi au sehemu ya kilango.

Sikio nalo ni kifaa. Chukua kipande cha mpira chenye urefu wa kama nusu mita, weka ncha moja karibu na sikio na uipitishe nyingine kwenye viungo. Sauti ya mluzi itaongezeka ukikaribia upenyo. Mashine ya moshi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi injini ikiwa imezimwa, kwani moshi hutoka pale hewa inapoingilia. Wapo wanaopulizia viungo dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza mabadiliko ya mzunguko. Njia hiyo hufanya kazi, ila dawa hiyo inawaka, na manifoldi ya ekzosti yenye moto iko jirani; binafsi naona haifai kuwa chaguo la kwanza.

Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, linganisha marekebisho ya mafuta kwenye mzunguko wa chini na kwenye mzunguko wa 2,500. Katika injini yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, mvujo huleta hewa isiyohesabiwa, na kompyuta hulazimika kuongeza mafuta, pengine kwa asilimia 10 au zaidi, kwenye mzunguko wa chini. Ukiongeza mzunguko, hewa halali huwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haina uzito tena, na marekebisho hurudi karibu na sifuri. P0171 na P0174, namba za hitilafu ambazo kompyuta hutoa mafuta yanapokuwa machache kuliko hewa, mara nyingi huandamana na hali hiyo. Injini inayotegemea sensa ya shinikizo la manifoldi hutenda tofauti: hewa ya ziada huongeza shinikizo, sensa huliona, mafuta huongezwa ipasavyo, na dalili kuu huwa ni mzunguko uliopanda kupita kawaida.

Baadhi ya kasoro hujitaja zenyewe. Injini ikibadilisha mlio au kutaka kuzimika kila unapokanyaga breki, utando wa busta umepasuka. Maji ya breki yakipungua bila tone kuonekana chini, na moshi mweupe ukitoka nyuma, yawezekana sili ya silinda kuu imeyaruhusu kuingia kwenye busta na injini inayala. Ukichomoa mpira mwembamba wa kirekebishi cha presha ya mafuta na kuukuta umelowa petroli, utando wake umetoboka, na hiyo ndiyo sababu ya harufu na moshi mweusi. Kifuniko cha kujazia oili kikishikwa kwa nguvu isiyo ya kawaida injini ikizunguka, kagua valvu ya mvuke wa oili kabla ya kitu kingine.

Kubadilisha mipira

Mipira huharibiwa na joto na oili. Ule uliokauka hupasuka ukiukunja, na ule ulioloweshwa na oili huvimba na kulegea kwenye ncha. Ikiwa ncha pekee ndiyo iliyolegea na mpira una urefu wa kutosha, kata sentimita moja na uuchomeke tena. Unapobadilisha, chagua kipenyo cha ndani kilekile, na usitumie mpira mwororo wa maji au wa hewa kwenye busta, kwa kuwa hewa ya nje itaubana na kuufunga ukipata joto. Tafuta ule ulioimarishwa kwa nyuzi na ulioandikwa kuwa ni wa breki. Badilisha mmoja baada ya mwingine, usichomoe yote kwa pamoja. Ukimaliza, rudia jaribio la busta gari likiwa limesimama, kisha jaribu breki kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu kabla ya kulirudisha gari barabarani.